Wanaoisifu na wanaoiponda kampuni ya silaha: nimwamini nani?

Swali: Mimi ni mhandisi wa programu, nina miaka 29, na nilipata uraia wa Marekani miaka mitatu iliyopita. Nimepewa ofa na kampuni kubwa inayolitengenezea jeshi la Marekani ndege na makombora. Kabla ya kusaini nimesoma maoni ya wafanyakazi wake mpaka macho yakaniuma. Mmoja anasema hajawahi kufanya kazi mahali pazuri kama hapo, Ijumaa anashinda nyumbani na watoto. Wa pili anasema alikaa miezi minane bila kazi ya maana, halafu akapunguzwa. Wa tatu anasema vifaa vyao ni vya enzi za babu zetu. Nimwamini nani? Na wazazi wangu wanaishi Afrika Mashariki. Je, hilo litanikwamisha?

Jibu: Dada, waamini wote watatu. Huenda wote wanasema kweli, na huenda wanaegesha magari kwenye uwanja mmoja. Nimefanya kazi katika sekta hii miaka kumi na moja, katika kampuni mbili, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa nakaa upande wa pili wa meza nikiwasaili watu kama wewe. Mtu akiniuliza leo "kampuni ile ikoje?" napata tabu kumjibu. Siri za kijeshi hazihusiki hapo. Ni kwamba mfanyakazi wa kampuni ya silaha haishi ndani ya kampuni, anaishi ndani ya mkataba. Mteja ni mmoja, serikali, na fedha hazimwagwi kwenye kapu moja. Kila mradi una fungu lake lililopitishwa na Bunge la Marekani, una meneja wake, ratiba yake, mara nyingi hata jengo lake na mlango wake usioufungua wewe. Fungu likinona, watu wa mradi ule wanaandika maoni ya nyota tano. Likikauka, unasoma yale ya yule bwana wa miezi minane.

Tena hizi kampuni zenyewe ni viraka. Mwaka 1993 wakuu wa Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi ya Marekani, waliwaalika wakurugenzi wa kampuni za silaha kwenye chakula cha jioni, wakawaeleza kwamba Vita Baridi vimekwisha, fedha zitapungua, na si wote watakaosalimika. Watu wa sekta hii hukiita chakula kile Karamu ya Mwisho. Wakaanza kununuana. Kwa hesabu ya Wizara ya Ulinzi yenyewe, wakandarasi wakuu wa anga na ulinzi walikuwa 51 miaka ya tisini, leo ni 5. Kiwanda cha Fort Worth, Texas, kinachounda ndege ya kivita F-35 kina bango la Lockheed Martin, lakini hadi 1993 kilikuwa cha General Dynamics. Kiwanda cha makombora cha Tucson, Arizona, ni cha Raytheon, ila mpaka 1997 wafanyakazi wa pale walikuwa watu wa kampuni ya Hughes. Bango hubadilishwa wikiendi moja, desturi za kiwandani huchukua kizazi kubadilika. Nimekutana na mafundi waliokuwa wakijitambulisha kwa jina la kampuni iliyokufa miaka ishirini nyuma, na hawakuwa wanatania. Kwa hiyo mtu anayesifu akiwa Texas na anayelaani akiwa Colorado wanaweza kuwa wanachangia nembo ya kwenye kitambulisho tu.

Jambo la pili la kuangalia ni umri wa mradi. Hapa ndipo yule wa "enzi za babu" anapata haki yake. Mkataba wa kuunda F-35 ulitolewa Oktoba 2001. Ndege ya kwanza iliruka Desemba 2006. Jeshi la Marine la Marekani lilitangaza iko tayari kwa vita Julai 2015, na idhini ya kuizalisha kwa kasi kamili ilitoka Machi 2024. Hebu fikiria kijana aliyeajiriwa siku mkataba uliposainiwa: anaona idhini ile akiwa na watoto wanaomaliza chuo. Ndege ya mabomu ya B-52 ya mwisho iliundwa 1962, na bado kuna wahandisi wanaolipwa kuifungia injini mpya. Programu ya ndege ikishapimwa na kukubaliwa, kubadilisha mstari mmoja kunadai majaribio, sahihi na vikao. Zana mpya ya kuandikia programu, ambayo nyumbani ungeipakua kabla chai haijapoa, kule inaombewa idhini na unaweza kuisubiri kwa miezi, kwa sababu mtandao wa kazi za siri umetengwa kabisa na intaneti. Aliyezoea kutoa toleo jipya kila wiki ataona amezikwa hai. Lakini kuna watu, na mimi nilikuwa mmoja wao, wanaopenda kazi ambayo makosa hayaruhusiwi na kila kitu kinapimwa mara tatu.

Miradi michanga ni habari nyingine. Timu ndogo, ubao umejaa michoro, watu wanakula mezani saa mbili usiku kwa hiari yao. Maoni ya moto zaidi utakayoyasoma, mazuri kwa mabaya, hutoka huko.

Sasa aina ya mkataba. Hili halimo kwenye tangazo la kazi, na ndilo linaloamua kama bosi wako atalala usingizi. Kuna mikataba ambayo serikali hulipa gharama zote halali na kuongeza faida juu yake. Humo maisha ni ya taratibu: nyaraka nyingi, vikao vingi, presha kidogo. Na kuna mikataba ya bei iliyofungwa, kampuni imeahidi bei na ikizidi inakula hasara. Boeing ilichukua mkataba wa ndege ya kujazia mafuta angani, KC-46, mwaka 2011 kwa mtindo huo, na hasara yake imepita dola bilioni 7. Northrop Grumman mwanzoni mwa 2024 ilitangaza kutenga takriban dola bilioni 1.56 kwa hasara ya ndege ya B-21. Hasara ya namna hiyo haibaki kwenye taarifa ya fedha. Inateremka ngazi kwa ngazi mpaka mezani kwako: ajira zinasimamishwa, aliyeondoka harudishiwi mtu, safari zinafutwa, na Jumamosi inageuka siku ya kazi. Ukisoma "walikuwa wazuri, siku hizi wamekuwa wakatili", mara nyingi hakuna aliyegeuka mkatili. Mkataba umeanza kula fedha za kampuni.

Nikupeleke kwenye kitu kidogo ambacho kitakuonyesha dunia hii kuliko hotuba ya mkurugenzi yeyote: karatasi ya saa. Kila siku kabla ya kuondoka, unajaza saa zako. Si "nilifika asubuhi nikaondoka jioni". Unazigawa kwa sehemu ya kumi ya saa, yaani vipande vya dakika sita, na kila kipande unakibandika namba ya mradi uliokutumia. Ukisahau, mfumo unakutumia ujumbe. Ukisahau tena, ujumbe unamfikia msimamizi. Wakaguzi wa serikali wanaweza kufika dawatini kwako bila taarifa na kukuuliza jana saa nne ulikuwa unafanyia kazi namba gani. Nyuma yake kuna sheria ya mwaka 1863, ya wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, iliyotungwa kuwabana wafanyabiashara waliokuwa wakilitapeli jeshi. Ukiiandikia serikali saa ambazo hukuzifanyia kazi yake, hilo ni dai la uongo, na anayefichua udanganyifu huo anaweza kupata fungu la fedha zitakazorudishwa.

Katika kampuni yangu ya kwanza, msimamizi alinijia Alhamisi moja jioni, sauti chini, akaniambia namba yetu imebakiza saa chache, kwa hiyo saa zangu za wiki ile niziweke kwenye namba ya jirani, "tutasawazisha baadaye". Nilijifanya sikuelewa. Nikamwomba aniandikie kwa barua pepe. Hakuandika, wala hakunirudia. Nakusimulia kwa sababu ombi kama hilo unaweza kukutana nalo, na karatasi ile ina sahihi yako, haina yake.

Kwa hiyo "kukaa bila kazi" maana yake ni kukosa namba. Mradi umefungwa, au bado haujaanza, au kibali chako cha kufanyia kazi za siri za serikali hakijatoka. Unawekwa kwenye namba ya gharama za jumla ambayo kampuni inailipia mfukoni, na hakuna meneja anayependa kuona majina mengi pale. Unapewa mafunzo ya mtandaoni. Unayamaliza. Unapewa tena. Mchana unazunguka ofisi kwa ofisi, kwa heshima zote, ukiuliza kama kuna mwenye saa za kukugawia. Nimewaona watu wenye shahada za uzamili wakipanga mafaili. Bwana wa miezi minane sina haja ya kumhoji, najua korido aliyokuwa akitembea.

Kibali ndicho kinachowakalisha wengi hivyo. Kwa kazi za siri lazima uwe raia, na uraia wa kuandikishwa hauna upungufu mbele ya sheria. Huombi mwenyewe, kampuni ndiyo inayokudhamini. Unajaza fomu SF-86, ambayo ikichapishwa inapita kurasa 100: ulipoishi, ulipofanya kazi, nani anakufahamu, safari, madeni, ndugu. Wengine hupata kibali cha muda ndani ya wiki chache, wengine husubiri karibu mwaka, hasa kwa daraja la siri kuu. Ukishakipata, ni mali kweli: kampuni jirani itakuchukua haraka kuliko mtu asiye nacho, na ukiacha kazi, mara nyingi kinaweza kufufuliwa ndani ya miezi 24. Ndiyo maana wengi wanalalamika na hawaondoki.

Chumba chenyewe cha siri ni hivi. Nje ya mlango kuna vikabati vidogo kama vya bwawa la kuogelea. Unaacha simu, saa ya kisasa, hata kile kifaa cha kuhesabia hatua. Mlango ni mzito, ndani hakuna dirisha. Shule ikipiga simu kwamba mtoto ana homa, simu inalia kabatini. Uwape shule na familia namba ya mezani siku ya kwanza kabisa. Mwenzetu mmoja alijifunza hilo kwa machozi. Jioni ukitoka unashangaa kuona barabara imelowa, mvua imenyesha na kukatika bila wewe kujua. Na ukiulizwa nyumbani "leo ulifanya nini?" unajibu "vikao". Miaka ikipita hata wasifu wako wa kazi unakuwa na sentensi tatu zisizosema kitu.

Mshahara nitaupitia haraka. Ni mzuri kwa kipimo cha kawaida, uko chini ya kampuni kubwa za teknolojia, hisa si kwa kila mtu, nyongeza ni ndogo na huja kwa mwaka. Watu huhamia jirani ili wapandishwe, kisha wengine hurudi. Ijumaa ya yule anayesifu ni kweli: kwenye mpangilio unaoitwa 9/80 unafanya saa 80 za wiki mbili kwa siku tisa, ya kumi ni yako. Wengi nawajua walikataa mshahara mkubwa kwa ajili ya Ijumaa hiyo. Lakini ukisoma sifa za pensheni, tazama aliyeandika aliajiriwa lini. Lockheed Martin, kwa mfano, iliwafungia waajiriwa wapya pensheni ya zamani tangu 2006, na kuanzia 2020 hata waliomo waliacha kuikusanya. Mzee anayeisifia anasifia mvua iliyomnyeshea yeye.

Na usisome maoni ya wahandisi peke yao. Mafundi wanaofunga ndege wana chama, na wana namna yao ya kutoa maoni. Agosti 2025 kama watu 3,200 wa viwanda vya Boeing vinavyounda ndege za kivita eneo la St. Louis waliweka zana chini, wakazirudia katikati ya Novemba, zaidi ya siku mia baadaye. Ukitaka kujua kampuni inavyowathamini watu wake, soma walichogomea na walichoridhia.

Kupunguzwa kupo. Januari 1991 Waziri wa Ulinzi Dick Cheney aliufuta mradi wa ndege ya A-12, na maelfu ya watu walipoteza kazi ndani ya muda mfupi, wakiwemo wa kiwanda kile kile cha Fort Worth. Februari 2024 Jeshi la Nchi Kavu lilifuta mradi wa helikopta mpya ya upelelezi baada ya kutumia karibu dola bilioni 2. Hakuna aliyekuwa amefanya kazi vibaya. Sheria inazitaka kampuni kubwa zitoe notisi ya siku 60 wakipunguza watu wengi kwa mpigo, na siku hizo ndizo za kutafuta namba nyingine ndani ya kampuni. Serikali ikifungwa kwa kukosa bajeti, kama siku 43 za mwishoni mwa 2025, watumishi wa serikali wana sheria ya 2019 inayowahakikishia malipo ya nyuma. Wafanyakazi wa wakandarasi hawana. Miradi mikubwa ya silaha huwa na fedha za miaka kadhaa, huyumba kidogo tu. Walio kwenye mikataba ya huduma ndio huumia.

Hukuniuliza kuhusu dhamira, na sijui kama umekaa nayo. Mwaka 2018 wafanyakazi wa Google walipinga mradi wa kuchambua picha za droni kwa ajili ya Pentagon, na kampuni ikaamua kutouhuisha mkataba. Kwenye kampuni za silaha usitarajie mjadala wa namna hiyo ukiwa ndani. Kule watu huamua mlangoni. Wenzangu wengi walikuwa wanajeshi wa zamani au watoto wa wanajeshi, na waliamini kwa moyo mweupe kwamba wanamlinda mtu wanayemjua. Wengine walisema "mimi natengeneza kipande cha kupozea tu". Hoja hii ya kipande sikuipenda, hata nilipoitumia mwenyewe. Kombora likitumika likafika kwenye habari za saa mbili, kesho yake hakuna anayelitaja chumba cha chakula, mnaongelea mpira. Kama unajijua huwezi kukaa kwenye ukimya ule, mshahara hautakusaidia. Mimi niliuweza miaka tisa, miwili ya mwisho ikanishinda, nami siwalaumu waliobaki.

Basi ukipigiwa simu kuhusu ofa, usiulize kuhusu "mazingira ya kazi", utasomewa kipeperushi. Uliza utaandikia namba gani saa zako siku ya kwanza, na kama namba hiyo ina fedha kwa mwaka mzima. Uliza kama mkataba ni wa gharama au wa bei iliyofungwa, na uko kwenye usanifu, uzalishaji au matunzo. Uliza wasio na kibali hufanya nini wakisubiri, na wa mwisho kuajiriwa kwenye timu alisubiri muda gani. Uliza kama saa za ziada zinalipwa. Haya si siri. Meneja mzuri atakujibu bila kufunika, pengine atafurahi kwamba unaijua kazi. Akianza kukuzungusha, una jibu lako.

Kuhusu wazazi: kuwa na ndugu wanaoishi nje au uraia wa nchi ya pili hakukufungii mlango moja kwa moja. Wachunguzi wanapima kama kuna mtu anayeweza kukubana kupitia wao, kwa hiyo kazi ya baba, iwe serikalini au jeshini, itaulizwa. Taja kila mtu. Aliyeandika shangazi mwenye cheo hupewa maswali. Aliyemficha hupewa barua ya kukataliwa. Madeni yaliyotelekezwa nayo huwakwamisha wengi, na bangi, hata kwenye majimbo yaliyoiruhusu, bado ni kosa kwa serikali kuu. Ukishapata kibali, kila safari binafsi ya nje unaitolea taarifa kabla, na kompyuta ya kazi haisafiri nawe kwenda kumsalimia mama, maana hata kuifungua huko kunaweza kuhesabiwa kuwa umesafirisha teknolojia nje bila leseni. Msiba wa ghafla nao unatolewa taarifa, hata kama umeshafika. Wenye ndugu mbali huchoshwa na hilo kuliko karatasi ya saa.

Ukiamua kukubali, usisubiri fomu ifike. Anza usiku wa leo kuandika anwani zako zote za miaka kumi, na kwa zile za miaka mitatu ya mwisho, mtu mmoja anayeweza kushuhudia kwamba uliishi pale. Na kile chumba ulichopanga miezi minne ukiwa chuoni, ambacho umeshakisahau, kiandike cha kwanza.